Wanaoolewa Arusha: Wizi wa Jana, Wizi wa Leo



Tangu mtoto wa dada yangu aposwe na kijana wa Arusha, simu yangu haipoi. Bibi zake wa Ng'ambo wana swali moja tu: huko si ndiko kwenye wezi? Shangazi yake wa Pemba kasikia kuwa huko mtu hukatwa kidole kwa sababu ya pete. Mwenyewe biharusi mbele za watu hasemi kitu, ila usiku huniandikia: "Mamkubwa, wewe niambie kweli."

Mimi nina miaka karibu thelathini chini ya Mlima Meru. Nimezaa hapa, nimelea hapa, na nimeibiwa hapa. Nimeona jibu lake niliandike wazi, kwani mabinti zetu wengi siku hizi wanaolewa Bara, na khofu za mama zao ni hizi hizi.

Mji nilioukuta

Niliingia Arusha mwaka 1996, boti mpaka Dar es Salaam, kisha siku nzima ya basi. Tulipanga vyumba viwili Kaloleni, nyumba ya Kiswahili kama zetu: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, bomba na choo uwani. Mji wenyewe ulikuwa mdogo. Ukitoka Soko Kuu ukapanda mpaka Mnara wa Saa, kisha ukafika Boma la Wajerumani na lile jengo kubwa la AICC lililojengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, umeshamaliza mjini, na miguu haijachoka.

Kilichonitisha mwanzo hakikuwa wezi, kilikuwa Kiswahili chao. Kwetu mtu akikuomba maji huanza na salamu tatu. Kule muuza duka alikuwa akinijibu mkato mmoja, nami nikirudi nyumbani najiuliza nimemkosea nini. Vijana wao wanaitana "chalii", na wakizungumza utadhani wanagombana, kumbe wanataniana.

Wizi ulikuwepo, lakini ulikuwa wizi wa kambani na uwani: kanga, sufuria, kuku. Sokoni na stendi walikuwepo vibaka wa kuchomoa. Mwaka wangu wa kwanza, suruali ya mume wangu ilianuliwa na mtu asiye mwenyewe. Jirani alinishika mkono tukaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe hakuandika chochote. Alitaja jina la kijana mmoja, akamtuma mtoto, na kabla ya Magharibi suruali imerudi. Mwizi alikuwa mtoto wa mtu fulani, na huyo mtu fulani tulikuwa tukipokezana naye bombani kila asubuhi.

Pesa ilipoingia

Mji haukubadilika kwa siku moja. Mwishoni mwa 1994 Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, na makao yake yakawekwa hapa, ndani ya AICC, mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Walikuja majaji, mawakili, wakalimani na wafanyakazi wa kila taifa, wenye mishahara ya dola. Nyumba za Njiro zikapanda kodi. Huku Mirerani, wilayani Simanjiro, wachimbaji wanaoitwa wanaapolo wakitoa Tanzanite ardhini, na madalali wakisimama nayo barabarani mjini imefungwa kwenye vikaratasi. Kijana aliyekuwa akilala njaa Jumatatu, Ijumaa ungemuona na gari. Watalii wa Serengeti na Ngorongoro nao wakazidi, na kila mtalii alikuwa na vijana watano wa kumfuata, wale ambao sisi Unguja tunawaita papasi.

Wakati huo huo ajira za viwandani zilikuwa zikizama. Kiwanda cha nguo cha Kiltex kilifungwa, na baadaye General Tyre, kiwanda cha matairi ambacho kilikuwa fahari ya mji, nacho kikasimama. Mitaa kama Unga Limited, ambayo imechukua jina lake kwa kiwanda cha unga, ikabaki na baba wasio na kazi na watoto waliokuwa wakizitazama gari za vioo vyeusi zikipita.

Hapo ndipo neno "jambazi" lilipochukua nafasi ya "kibaka". Watu walivamiwa majumbani kwa mapanga na bunduki. Kuta zikapanda, juu zikatiwa vipande vya chupa, kisha nyaya za umeme. Wenye uwezo wakaajiri walinzi, wengi wao Wamasai, wakaongeza na mbwa. Shoga yangu mmoja alihamia Njiro kwenye nyumba nzuri mashaallah, geti la chuma. Alikaa mwaka mzima bila kumjua jina jirani wa ukuta wa pili. Walipovamiwa, alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Majirani walisikia, na kila mmoja akazidi kufunga geti lake. Hawakumchukia. Hawakumjua, na usiku hujui kelele ni ya mwenye nyumba au ya mtego.

Kitenge cha mama wa sokoni

Kuna jambo ambalo mabiharusi hawaambiwi, nalo ni zito kuliko wizi wenyewe. Mji ukishachoka, huanza kuua.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa soko la Kilombero nanunua ndizi za mtori. Nikasikia "Mwizi! Mwizi!" Kijana wa miaka kama kumi na sita alikuwa akikimbia, akajikwaa kwenye matenga. Watu walimfikia kabla hajainuka. Mawe yalianza, na mtu mmoja akaja akiviringisha tairi bovu. Nilijua tairi lile ni la nini, na kila aliyekuwepo alijua.

Mama mmoja muuza ndizi, Mmeru, umri wa mama yangu, alifungua kitenge alichojifunga, akamfunika yule kijana, akakaa chini pembeni yake. Hakupiga kelele. Alisema, "Chomeni, mtuchome wote wawili." Wakamtukana, wakamvuta mkono, hakusogea. Aliyebeba tairi alisimama, akatazama huku na huku, kisha akaliacha. Askari walipofika walimkuta kijana anapumua.

Siku nyingine nilimuuliza kama alikuwa akimjua. Akaniambia, "Simjui. Mama yake ndiye anamjua." Akaendelea kunipangia ndizi.

Sote tunajua dini yetu inavyoiheshimu nafsi ya mtu, na kwamba hukumu haipitishwi na kundi la sokoni. Lakini kulijua jambo nyumbani ni tofauti na kulitenda penye mawe. Yule mama hakuwa wa dini yangu wala wa kabila langu, na mpaka leo nikisikia kelele ya mwizi ni yeye ninayemkumbuka.

Miaka ya mabomu

Kisha ikaja khofu ya namna nyingine. Oktoba 2012 nyumba ya sheikh mmoja ilirushiwa bomu. Tarehe 5 Mei 2013 likalipuka bomu kwenye kanisa jipya la Olasiti siku ya kuzinduliwa, watu watatu wakafa. Juni mwaka huo huo likalipuka jingine kwenye mkutano wa kisiasa uwanja wa Soweto, wakafa wengine. Mwaka 2014 likaja tena kwa sheikh mwingine.

Wenzangu mliokuwa huku mnakumbuka. Ndani ya daladala ukiingia na baibui, mazungumzo yanakatika. Binti yangu alirudi skuli akaniuliza kwa nini mwenzake hataki tena kukaa naye dawati moja. Wiki ile ile, jirani yangu Mkristo, ambaye kanisani kwao walikuwa wakiomboleza, alibisha hodi na bakuli la loshoro. Alikaa jikoni kwangu saa nzima, mlango wazi, ili mtaa umuone. Hakuhutubia. Dawati la binti yangu lilipata mtu tena baada ya siku chache, kwani mama zao wote wawili walikuwa wakizungumza.

Mkoba, pikipiki na simu

Kufikia hapo wizi wenyewe ulishageuka sura. Barabara za mitaa zilitiwa lami na taa, na vijana wengi wakapata kazi ya bodaboda. Ni kazi ya halali, na wengi wao ni waungwana. Lakini pikipiki hiyo hiyo ikawa chombo cha wachache wanaopora na kupotea.

Mimi iliniangukia mwaka 2015, saa kumi na moja jioni, jua bado lipo. Pikipiki ya watu wawili ilinipita, mkanda wa mkoba ukanitoka begani. Ndani mlikuwa na simu, vitambulisho, na bangili yangu ya mahari niliyotoka kuichukua kwa sonara, alikoniunganishia. Mdomo wangu ulifunguka kusema "mwizi", nikakiona kile kitenge mbele ya macho. Nikapiga kelele "Nisaidieni!" Watu walikuja, wakaniokota, wakanipa maji. Bangili sikuiona tena. Nililia kama mtoto, na sijuti kwamba sikulitamka lile neno.

Siku hizi mwizi hana haja ya pikipiki wala panga. Huduma za kutuma pesa kwa simu zilianza nchini mwaka 2008, na pesa ilipohama mkobani ikaenda simuni, mwizi akaifuata. Leo anakuandikia tu: ile pesa tuma kwenye namba hii. Au anajifanya mtoa huduma, anakuomba namba ya siri kwa sauti ya upole kuliko ya mumeo. Biharusi mpya, ambaye kila siku anapokea michango na zawadi za harusi kwa simu, ndiye windo lao zuri.

Na mji wenyewe umekua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ya 2022 ikahesabu 617,631. Biashara ya Tanzanite iliamriwa irudi Mirerani mwaka 2021, ambako tayari mgodi umezungushiwa ukuta, na wale madalali wa barabarani wakapungua. Wageni wamekuwa wengi kuliko wenyeji, na mjumbe wa kumjua kila mtoto kwa jina ni vigumu kumpata.

Kwako biharusi

Basi mwanangu, na wenzako wote mnaokuja huku, haya ndiyo ya kushika:

1. Dhahabu ivae harusini na nyumbani. Ukipita barabarani iache, na usiiweke picha kwenye status siku ile ile unayosafiri nayo.

2. Mkoba ukae upande wa nyumba, usikae upande wa barabara. Kuwa na bodaboda mmoja au wawili wa kituo cha mtaani kwako wanaokujua kwa jina la mumeo.

3. Namba ya siri hapewi mtu. Ujumbe wa utapeli utume 15040. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, toa taarifa.

4. Ukiibiwa, nenda polisi upate RB, kisha ufunge laini na kuirudisha. Kilio kitangoja saa moja.

5. Ukisikia kelele ya mwizi, usirushe jiwe, wala usisimame kutazama. Ukiweza, piga simu polisi. Ukimuona wa kumfunika, mfunike.

6. Wiki ya kwanza, kabla hujapanga vyombo, mfahamu mwenyekiti wa mtaa na ubishe hodi nyumba nne: ya kulia, ya kushoto, ya mbele na ya nyuma. Peleka chapati, peleka visheti, usiulize dini wala kabila. Watakujibu mkato. Usijali, ndivyo wasemavyo.

Hili la mwisho ndilo kubwa. Nimeuona mwizi wa Arusha akihama kutoka kamba ya nguo kwenda sandukuni, kutoka mkobani kwenda simuni. Kila alipohama, wenzangu walinunua kufuli jipya. Suruali ilirudi kwa sababu mjumbe alimjua mwizi, na shoga yangu wa Njiro alikosa msaada kwa sababu hakuna aliyemjua. Geti weka, hakuna ubaya. Lakini liwe na watu wanaojua kuligonga.

Kwa hiyo bibi zake wa Ng'ambo, jibu langu ni hili: wizi upo, na uliwahi kuwa mbaya kuliko sasa. Kijana tumemuulizia, mama yake namjua, na mtaa wanaokwenda kukaa nina shoga zangu watatu. Mtoto aje. Alete sweta, maana Juni na Julai baridi ya Meru haina huruma, na visheti alete vingi, nyumba ni nne.

Allah awahifadhi mabiharusi wetu popote wanapopelekwa, awape majirani wema, na awajaalie wao wawe majirani wema. Amin.