Chubwi ndani ya Ndoano

Kreni yangu inakaa mezani: ni mfano wa 1:50. Uzi wa kiwandani ulikuwa mnene, unatoa manyoya, nikaung'oa. Nikaweka wa nusu milimita, maana waya halisi wa milimita 25 ukiugawa kwa 50 unapata hiyo nusu. Nikajiona fundi.

Mzee, aliyeendesha kreni bandarini miaka mingi kabla mikono haijaanza kumtetemeka, akaitazama kimya.

"Mwanangu, ndoano yako haina uzito. Ona uzi ulivyolegea."

Kumbe kweli. Urefu unagawanywa kwa 50 mara moja, lakini uzito mara tatu mfululizo. Ndoano ya tani 1 inabaki gramu 8 tu; haiwezi kunyoosha uzi. Kwa hiyo inabidi udanganye kidogo. Nikachukua chubwi la mshipi wa kuvulia, nikalichonga, nikalificha ndani ya ndoano.

Jioni nikampa Mzee azungushe kishikio. Vidole vilitetemeka, lakini ndoano ikapanda pole pole, uzi umenyooka wima.

"Waambie walio chini wasogee," akasema.

Nikasogeza vikombe vya chai.