"Sanduku la Samaki Linauma"

Tumezoea kusomeana habari za malezi, ndoa na mapishi. Leo tunaomba kuwasimulia habari za waya wa umeme. Msifunue ukurasa mwingine, maana waya huo nusura utunyang'anye mtoto, na kosa lilikuwa letu sisi wazazi.

Nyumbani kwetu Dar es Salaam tuna tangi la kioo la samaki wa mapambo. Tuliachiwa na shemeji yetu alipohamishwa kikazi. Linachukua lita 100 hivi, na juu yake lina mfuniko wa bati wenye taa ya tyubu ndani, ili samaki waonekane na majani ya majini yapate mwanga. Watoto walilipenda sana. Hata sisi tukirudi kutoka zamu ya usiku tulikaa mbele yake dakika chache, na uchovu ukapungua.

Kati ya taa na maji palikuwa na kioo chembamba cha kuzuia mvuke. Siku moja kilivunjika wakati wa kusafisha. Tukasema tutanunua kingine mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja na ada ya shule, kioo kikasahaulika. Mvuke ukawa unapanda hadi kwenye taa usiku na mchana, na matone yanayorushwa na pampu ya hewa yakawa yanaifikia. Baada ya wiki chache taa ikaanza kupepesa, kisha ikazima kabisa.

Baba watoto aliifungua, akaifuta kwa kitambaa, akaianika juani nusu siku. Mahali waya ulipochubuka akazungushia tepu nyeusi. Plagi ya pini tatu ilikuwa imeungua, akafunga ya pini mbili, ile ambayo mtu huchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ndipo iingie. Taa ikawaka. Tulimsifu, na kwa kweli tulifurahi kuokoa fedha ya fundi.

Alisema, tukacheka

Alhamisi ya wiki ile, dada anayetusaidia kazi za nyumbani alikuja jikoni akisugua vidole. "Mama, lile sanduku la samaki linauma," alisema. Tukacheka. Tukamwuliza kama ameng'atwa na samaki wadogo kama dagaa. Ijumaa akarudia tena, safari hii kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi kwa kusema. Tukamwambia aache woga, afute vumbi.

Jumamosi jioni tulikuwa sebuleni tukitayarisha somo la watoto wa Shule ya Jumapili. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Binti yetu wa miaka sita, bila viatu, akaenda kuwalisha samaki. Akashika mfuniko wa bati ili aunyanyue. Hakulia. Hilo ndilo lililotutisha kwanza: alikaza mwili, mkono ukaganda pale pale, na sauti haikutoka.

Sisi tumesomea uuguzi, tuna stashahada ukutani. Tumewahi kuwafundisha akina mama wa kanisani jinsi ya kumsaidia aliyepigwa na umeme. Lakini siku ile tuliruka kumkumbatia mtoto kwa mikono mitupu. Aliyetuzuia ni yule dada. "Mama, usimshike!" alipiga kelele, na papo hapo akakimbia barazani akashusha swichi kubwa ya nyumba. Giza likaingia, mtoto akaanguka sakafuni, akalia. Hatujawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Vidole viwili vilikuwa na alama ndogo nyeupe za kuungua. Tulimpeleka hospitali usiku ule ule, akapimwa mapigo ya moyo kwa mashine, akalazwa hadi asubuhi chini ya uangalizi. Mungu ni mwema, alirudi nyumbani mzima.

Fundi alichotuonyesha

Jumatatu tulimwita fundi mwenye leseni ya EWURA. Kwanza alitaka tujue kwa nini dada alisikia mchomo tu, na mtoto akaganda. Ndani ya mfuniko, waya wa moto uliokuwa umelowa ulikuwa unagusa bati. Kama plagi ingekuwa ya pini tatu, waya wa athi ungeupeleka umeme ule ardhini na fyuzi ingekatika. Kwa plagi ya pini mbili umeme haukuwa na njia, ukabaki kwenye bati ukingoja mtu. Dada alikuwa amevaa ndala za mpira kwenye sakafu kavu. Mtoto alisimama pekupeku kwenye sakafu ya maji.

Kisha akafanya kazi yake mbele yetu. Tunawaeleza hatua zake, si ili kila mama ashike bisibisi, bali ili ujue kazi nzuri inavyofanana na uweze kumwuliza fundi wako.

Alizima swichi kubwa kwanza, kwa kuwa hakuiamini sakafu wala soketi. Ndipo akachomoa plagi zote za tangi, ya taa na ya pampu. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi. Akaubeba mfuniko akauweka mezani. Taa ya tangi haitengenezwi ikiwa juu ya maji.

Alipoukata waya, tuliona jambo ambalo macho yetu hayakuliona kwa nje. Shaba ndani ilikuwa ya kijani na nyeusi, hadi kiasi cha kiganja kutoka mahali palipochubuka. Maji hupanda ndani ya mpira, katikati ya nyuzi za shaba, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Kufuta nje na kuanika juani hakuyatoi, na kutu ikiisha kuingia hairudi nyuma. Kwa hiyo hakuunga. Aliutupa waya wote akaweka mpya usio na kiungo hata kimoja, akabadilisha vishikizo vya tyubu akaweka vyenye mipira ya kuzuia maji. Tepu, alisema, haizuii mvuke. Wenye matangi ya maji ya chumvi wawe waangalifu zaidi, kwa sababu chumvi inayoganda kwenye waya huvuta unyevu na kupitisha umeme kwa urahisi.

Akafunga plagi ya pini tatu: waya wa kahawia upande wa moto, wa bluu upande wa nyutro, wa kijani na njano kwenye athi. Mwisho wa waya wa athi akaufunga imara kwenye bati la mfuniko. Ndani ya plagi akaweka fyuzi ya ampea 3 badala ya ile ya 13. Taa kama yetu haitumii hata ampea moja, na fyuzi kubwa huacha waya mwembamba uungue kabla yenyewe haijakatika.

Soketi iliyokuwa sakafuni nyuma ya tangi akaihamishia ukutani, juu na pembeni. Waya akauacha uning'inie kwanza chini ya soketi kama kamba ya kitanzi, ndipo upande kwenye plagi. Tone likiteremka juu ya waya, litadondokea sakafuni na halitaingia kwenye soketi. Tulistaajabu jinsi jambo dogo la bure linavyoweza kuokoa nyumba.

Mwisho aliweka kifaa kinachokata umeme unaovuja, ambacho mafundi hukiita RCD. Chetu hukata umeme mara moja ukivuja kiasi cha miliampea 30, yaani elfu thelathini za ampea moja gawanya kwa milioni. Kwa lugha nyepesi, kiasi kidogo sana. Kina kitufe cha majaribio, nasi hukibonyeza kila mwezi. Kabla ya kuondoka akapima kwa kipimo chake, na kioo cha kuzuia mvuke kikarudishwa mahali pake.

Ikitokea kwako

Mama mwenzetu, umwonapo mtu ameshikwa na umeme, usimguse. Zima swichi kubwa. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu, kamwe si kwa chuma wala kitu chenye maji. Umeme ukishakatika, tazama kama anapumua. Kama hapumui, mtu mmoja akaite msaada na mwingine abonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na anayejua ampulizie pumzi. Palipoungua pamwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Hata akisema amepona, mpeleke hospitali, kwa kuwa kidonda cha umeme huwa kidogo nje na kikubwa ndani.

Na sheria yetu ya nyumbani sasa ni moja: hakuna mkono unaoingia kwenye tangi wala kushika mfuniko kabla plagi hazijachomolewa.

Lililobaki kutengenezwa

Waya ulitengenezwa kwa siku moja. Mioyo yetu ilichukua muda zaidi. Usiku ule wa hospitali, mimi na wewe wa ndoa yetu tulikaa benchi moja bila kusemezana. Mmoja alikuwa akiwaza, "Ni wewe uliyefunga ile plagi." Mwingine akiwaza, "Ni wewe uliyeambiwa mara mbili ukacheka." Kabla ya alfajiri tuliyasema yote mawili kwa sauti, tukalia, tukaombana msamaha.

Lakini palikuwa na mtu wa tatu. Tulikumbuka habari ya Naamani katika Wafalme wa Pili sura ya 5. Jemadari yule aliponywa kwa sababu nyumba yake ilisikiliza neno la kijakazi mdogo. Sisi tulikuwa na binti kama huyo nyumbani, akasema siku mbili mfululizo, na tukamcheka kwa kuwa ni dada wa kazi. Jioni ya Jumatatu tulimkalisha sebuleni, kwenye kochi, si kwenye kigoda, tukamwomba radhi mbele ya watoto. Alitazama chini, kisha akasema tu, "Mama, mimi niliogopa mtaniona mjinga."

Neno hilo limetuuma kuliko umeme. Akina mama, tukaguane nyaya za nyumba zetu wiki hii. Na tukiwa tunakagua, tumwulize yule anayefagia na kufuta vumbi kila siku amegundua nini. Halafu tumsikilize. Bwana awalinde ninyi na nyumba zenu.