Pete ya Pili

Sisi wake wa wanaume wa dhahabu tuna lugha yetu. Mwenzako akikuuliza, "Baba watoto kafika salama?", ujue haulizii ajali ya barabarani tu! Mimi ni mhasibu, naishi Didia, Shinyanga. Mume wangu yuko machimbo ya Geita: wiki mbili kazini, wiki mbili nyumbani. Ni mtu mzuri, tena mpole. Lakini huko kwenye dhahabu kuna mshiko, kuna baa, na nyumba ndogo hazikosekani. Jamani, kukaa na kumwomba Mungu tu kunatosha?

Shosti wangu mmoja, nesi, ndiye aliyenitajia pete ya dapivirine. Ni pete laini ya silikoni, kubwa kuliko ya kidoleni, yenye miligramu 25 za dawa. Mwanamke anaiweka mwenyewe ukeni, inakaa mwezi mzima ikiachia dawa taratibu, kisha anaibadilisha. Haizuii mimba wala kaswende. Kazi yake ni kukinga VVU tu.

Nikauliza, inasaidia kweli? Matokeo ya utafiti wa wanawake 2,629 wa Malawi, Uganda, Afrika Kusini na Zimbabwe yalitoka mwaka 2016: maambukizi yalipungua kwa asilimia 27. Nikacheka. Kwenye mtihani hiyo si F? Shosti akanirekebisha: humo wamehesabiwa hata waliokuwa wakiivua. Kwa wasichana wa miaka 18 hadi 21, ambao wengi hawakuivaa ipasavyo, kinga haikuonekana. Januari 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kama chaguo la ziada. Heri hiyo kuliko jeli ya PRO 2000, ambayo wanawake wa baa na migahawa wa hapo jirani Mwanza walijitolea kuijaribu. Desemba 2009 ikatangazwa kuwa haikingi kitu.

Vidonge vya kila siku vinakinga zaidi, ukivimeza bila kuruka. Na sindano ya lenacapavir, ya kila miezi 6, ndiyo kiboko: matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba kati ya wanawake 2,134 waliopewa huko Afrika Kusini na Uganda, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Lakini dada, hebu weka kopo la vidonge mahali mama mkwe anapoingia uone! Kesho kijiji kizima kinajua "anameza dawa". Pete haina kopo. Wala haingoji ruhusa ya mtu.

Hapo ndipo kichwa kilianza kuniuma. Nimfiche mume wangu? Wapo wanaoficha, na siwalaumu, hasa wenye waume wa ngumi. Wangu si wa ngumi. Alipotoka zamu nikamweleza, tukiwa tunakula michembe.

"Kwa hiyo huniamini, Mama Kulwa?"

"Baba Kulwa, mgodini si unavaa helmeti? Ina maana humwamini bosi wako?"

Hakucheka. Alitafuna mpaka sahani ikaisha, nami nikawa nasikiliza malori ya Mwanza yakipita. Kisha akauliza, "Inauzwa wapi?"

Nimeulizia Shinyanga mjini na Kahama, sijaipata. Kwa sasa tumeshapima wote wawili, tutapima tena, na kondomu zipo juu ya kabati. Alizinunua mwenyewe, Tinde, ambako hawamjui.