Jezi si jibu

Niliacha chuo, lakini kusoma ripoti sikuacha. Na ripoti za mazingira za makampuni, jamani, zinapendeza! Picha za mikoko, watoto wanacheka, neno "jamii" kila ukurasa.

Sasa kumbukeni makaa ya mawe ya Kwasasi. Amu Power walitaka kujenga mtambo wa megawati 1,050 hapa kwetu Lamu. Ripoti ilikuwepo, na NEMA wakatoa leseni 2016. Save Lamu na wenzao wakaipinga, na tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta. Sababu kubwa: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanywa kabla ya utafiti. Utafiti ulipotoka, watu hawakuelezwa vilivyo.

Ndiyo maana mimi sibabaiki na misaada. Kampuni yaweza kuchimba kisima, kulipa karo, kugawa jezi, na bado haijasema moshi na majivu vitaishia wapi. Mvuvi hataki jezi, ataka bahari yake.

Wakija tena, usiulize wametoa nini. Uliza ripoti iko wapi, imeandikwa kwa lugha gani, na nani kijijini ameisoma.

Wewe kwenu ushawahi kuiona?