Kaya ya Shilingi 1,288,576

Katika ukurasa huu tumezoea kujadili bajeti, chaguzi na mienendo ya wakubwa. Leo niwie radhi nizungumzie kompyuta ya mezani iliyomo ofisini mwangu, kwa sababu iliniponza nikaandika barua ambayo sikupaswa kuiandika.

Mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili alikuwa akichambua hojaji za kaya alizozikusanya mwenyewe kwa miguu. Kompyuta yake ya mkononi ilizidiwa na kazi, nikamruhusu atumie yangu. Jedwali la kwanza aliloniletea halikuonesha uhusiano wowote wa maana kati ya kipato na jambo alilokuwa akilichunguza. Nilimtaka asafishe data na kurudia. Jedwali la pili likaja na uhusiano mzuri, tena ule hasa aliokuwa ameutabiri katika andiko lake la awali. Nikafungua faili na kulinganisha mstari kwa mstari. Kaya moja, iliyokuwa na kipato cha shilingi 240,000 kwa mwezi, sasa ilikuwa na shilingi 1,288,576. Sampuli yenyewe haikuwa kubwa, na kaya hiyo moja ilitosha kuupindua mlingano wote.

Niliona mkono wa mtu. Siku hiyohiyo niliiandikia idara barua kwamba mwanafunzi anashukiwa kuchezea data.

Alikuja kesho yake na hojaji ya karatasi, imeandikwa kwa kalamu: 240,000. Alinisalimu kama kawaida, akaiweka mezani, akasema, "Mwalimu, kama ningetaka kudanganya, ningeandika milioni moja na laki tatu. Hizi mia tano sabini na sita ningezitoa wapi?" Sikuwa na jibu, lakini nakiri kwamba nilikuwa nalo tayari karipio. Aliyenizuia ni mtaalamu wa maabara yetu ya kompyuta, aliyekuwa amekuja kuangalia printa. Alitoa namba moja katika nyingine kwenye simu yake, akanionesha tofauti: 1,048,576. Mbili kwa kipeo cha ishirini, bila kuzidi wala kupungua. Biti moja, iliyopaswa kuwa sifuri, ilikuwa imegeuka moja.

Hapa naomba nieleze kidogo, maana sisi wa sayansi za jamii huvitumia vyombo hivi kama tunavyotumia maji ya bomba. Kumbukumbu ya kompyuta, ile tuiitayo RAM, huhifadhi kila biti kama chaji ndogo ya umeme ndani ya kapasita, nayo kapasita ina mlinzi mmoja tu, transista. Ubunifu huo wa Robert Dennard wa IBM ulipewa hataza Marekani mwaka 1968, na mpaka leo tunauishi. Kasoro yake ni kwamba chaji huvuja. Kwa hiyo kila safu ya kumbukumbu lazima isomwe na kuandikwa upya ndani ya milisekunde 64, na joto likipita nyuzi 85 muda huo hupunguzwa hadi 32, kwa kuwa chaji huvuja upesi zaidi penye joto. Kompyuta inayoonekana imetulia mezani kwa kweli inajikumbusha bila kukoma.

Watumishi wa umma watanielewa nikiifananisha na masjala. Ili upate waraka, karani afungue kabati, avute jalada, akuletee, kisha afunge kabati kabla ya kufungua jingine. Kila hatua ina muda wake wa kusubiri, na muda huo huhesabiwa kwa mapigo ya saa ya kompyuta. RAM yangu iliandikwa ubavuni 16-18-18-38. Namba ya kwanza ni kusubiri waraka uletwe kabati likiwa tayari wazi. Ya pili ni kufungua kabati. Ya tatu ni kulifunga. Ya nne ni muda ambao kabati halina budi kubaki wazi kabla ya kufungwa. Katika kasi iliyotangazwa ya 3200, mapigo 16 ni nanosekunde 10. Viwango vya kawaida vya kasi hiyohiyo huruhusu mapigo 22, yaani nanosekunde 13.75. Hizo nanosekunde tatu na kitu ndizo zinazouzwa kwa sifa ya "kasi", zikisindikizwa na umeme wa volti 1.35 badala ya 1.2. Karani akiambiwa alete waraka kabla kabati halijafunguka vizuri, hagomi. Analeta alichokishika.

Kosa langu lilikuwa rahisi kuliko elimu hiyo yote. Nilinunua vipande viwili vya GB 16, na baada ya mwaka nikaongeza viwili vingine vilivyofanana navyo. Fundi aliwasha mpangilio wa kasi kwa vyote vinne, akaniambia mashine sasa inaruka. Mpangilio ule ulikuwa umejaribiwa kiwandani kwa jozi moja, si kwa jozi mbili za kuokoteza zinazoelemea prosesa moja. Kwa mwaka mzima kompyuta haikuganda hata mara moja, nami nilihesabu kutoganda kuwa ndiyo afya.

Tuliipima kwa programu ya Memtest86+. Usiku kucha haikukuta kosa hata moja, na moyo wangu (niseme ukweli) ulitamani ibaki hivyo. Mtaalamu akasema turudie mchana. Saa nane alasiri, kiyoyozi kikiwa kimezimwa na jua likiwa limeegemea dirisha, yakatokea makosa matatu.

Urekebishaji ulituchukua siku tisa kwa sababu tulijiwekea sharti la kubadili jambo moja tu kwa siku na kulipima jua likiwa kali. Kulegeza namba zile nne pekee hadi 18-20-20-40 kulipunguza makosa bila kuyamaliza. Kuongeza volti sikuthubutu, maana kungeongeza joto lilelile tulilolikimbia. Tuliposhusha kasi hadi 2933 na kuzirudisha namba za awali, makosa yalikoma. Muda wa kusubiri ulikuwa karibu nanosekunde 10.9. Uchambuzi uliokuwa ukichukua saa sita sasa unachukua dakika chache zaidi. Hizo ndizo dakika nilizokuwa nimezinunua kwa jina la mwanafunzi wangu.

Mwaka 2003, katika uchaguzi wa Ubelgiji, mgombea mmoja wa Schaerbeek alipewa na kompyuta kura 4,096 zisizokuwa zake. Hiyo nayo ni mbili kwa kipeo, cha kumi na mbili, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba biti moja iligeuka yenyewe. Iligundulika kwa sababu kura zake zilizidi kiasi kilichowezekana. Ingegeuka biti ya chini zaidi, zikaongezeka kura 4 au 8, nani angeuliza? Na Uingereza zaidi ya wasimamizi 900 wa ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani wakati hesabu za mfumo wa Horizon zilipoonesha upungufu wa fedha. Kule kasoro ilikuwa ya programu, si ya RAM, lakini dhana ilikuwa ileile niliyokuwa nayo mimi asubuhi ile: mashine iko sawa, basi mwizi ni mtu. Bunge lilizifuta nyingi za hukumu hizo kwa sheria mwaka 2024, na wapo waliokwisha kufa.

Sikupelekwa na mashine kuandika barua ile. Tarakimu mbili zilipokosana, ofisini mwangu kulikuwa na washukiwa watatu: kompyuta, mwenye kompyuta na mwanafunzi. Nilimchagua asiyekuwa na cheo, na haikunichukua hata saa moja.

Nimeandika barua ya pili ya kuifuta ya kwanza na kumwomba radhi, nakala kwake. Karani wa idara alinieleza kwa upole kwamba barua ikishapewa namba ya jalada haitolewi, kwa hiyo zote mbili zimo, moja juu ya nyingine. Mwanafunzi alizisoma na kusema, "Ahsante, Mwalimu," basi. Wiki iliyopita alirudia uchambuzi wake kwa mara ya mwisho kabla ya kuwasilisha. Nilimwambia anaweza kuja asubuhi kukiwa na ubaridi. Alikuja saa nane alasiri, akazima kiyoyozi.