Maji ya Ilala yana samaki wake

Mwenzenu wiki hii natoka msibani. Usishtuke, waliokufa ni samaki. Watatu, wale wekundu wa mapambo, niliowanunua Kariakoo kumfurahisha mdogo wangu wa darasa la nne. Ijumaa jioni walikuwa wanatesa kwenye tangi la kioo sebuleni. Jumapili asubuhi wanaelea, tumbo juu. Dogo alilia mpaka chai ikapoa.

Kosa lilikuwa langu. Pale tunapopanga, Ilala, tunatumia kisima, na maji yake yana chumvichumvi, kama visima vingi vya Dar. Samaki wale asili yao China, na ni wa maji baridi. Mimi nikawatoa kwenye mfuko wa muuzaji nikawamwaga humo kwa mpigo mmoja. Hapo lazima uchemshe!

Basi Jumatatu nikafunga safari ya miguu kuwatafuta samaki waliozoea maji ya namna hiyo. Nilishika Mtaa wa Msimbazi hadi Faya, nikachungulia bonde la Jangwani, kisha nikafuata Barabara ya Umoja wa Mataifa, nikapita Upanga mpaka Daraja la Salenda. Hapo ndipo Mto Msimbazi unapokutana na Bahari ya Hindi. Maji yakijaa, chumvi inapanda mtoni. Yakitoka, linabaki tope na mizizi ya mikoko. Wanaokatiza Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, wanapita wakiangalia bahari tu, mikoko hawana habari nayo.

Kwenye tope la mikoko ndiko aliko bingwa mwenyewe: samaki mdogo, macho juu ya kichwa, anatembea kwa mapezi na kurukaruka nje ya maji. Hupumua hata kwa ngozi, mradi iwe na unyevu. Burudani tupu! Lakini tangini anataka sehemu ya nchi kavu, mfuniko wa kubana, na nafasi kubwa maana ni mgomvi. Kwa chumba cha kupanga, mwache aliko.

Yupo mwingine bapa, mweupe kama fedha, anayekulia midomoni mwa mito. Anapendeza akiwa mdogo, ila hufika sentimita 25. Utamweka wapi, kwenye pipa? Perege naye baadhi ya aina zake huvumilia chumvi vizuri sana, lakini anakua haraka na ni mbabe. Siku moja mama atamwangalia halafu ataulizia nazi.

Chaguo la masela wenye tangi dogo ni moli. Asili yake Mexico na nchi jirani, huzaa watoto hai badala ya mayai, na akizoeshwa polepole anaishi hata maji ya bahari kamili. Gapi naye yumo, mradi chumvi isizidi sana.

Ukitaka kuchanganya maji mwenyewe, fanya hivi. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Chupa moja ya bahari kwa chupa saba za bomba inakupa kama gramu 4, mwanzo mzuri. Maji ya bomba yaache wazi siku moja au mbili klorini itoke. Ya bahari chota mahali pasafi, si Feri kwenye damu ya samaki, wala si Msimbazi kwenye taka za jiji. Mfuko wenye samaki uelee kwanza tangini, kisha ongeza kikombe kimoja cha maji ya tangi kila robo saa. Na usibadilishe maji yote kwa mara moja. Robo kwa wiki inatosha.

Jumamosi nilirudi Kariakoo na dogo. Tulichukua moli weusi, dume mmoja na majike watatu, maana dume akiwa na jike mmoja humsumbua mpaka anakonda. Tuliwazoesha saa mbili nzima, dogo ndiye mshika kikombe.

Leo siku ya tisa, wote wazima. Dogo kila asubuhi anawahesabu kabla ya kuvaa yunifomu. Kisima chetu ni kilekile, nilichobadilisha ni samaki tu.

Tuonane wiki ijayo!