Kioo Hufutwa Pande Mbili

Wengi wetu twadhani kwamba motokaa ni injini na magurudumu tu, na vilivyobaki ni mapambo. Mimi nami nalidhani hivyo, hata usiku mmoja wa Aprili uliponifunza.

Ninayo Land Rover ya zamani, Series III, iliyoundwa mwaka 1974. Hapa Ijuganyondo ni gari la kila jirani mwenye haja. Zile fimbo mbili za kufutia mvua kiooni, ziitwazo waipa, zilikuwa zikienda polepole kama mgonjwa, nami nikizisaidia kwa mkono. Tena fundi alikuwa ameniambia kwamba vishikio vya hita, yaani chombo cha kuleta hewa ya moto, vimekwama. Nalimcheka, nikasema, "Hita ni ya nchi za theluji. Sisi Bukoba twaitakia nini?"

Basi usiku ule jirani yangu alibisha mlangoni. "Waitu Mwalimu, mama watoto ameshikwa na uchungu." Mvua ilikuwa ikimwagika, na msomaji wa mbali na ajue kwamba Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ndio mwezi wake mkuu. Twaliingia watu sita: mimi, mama mwenyewe, mumewe, mkunga mzee na ndugu wawili. Twalifunga vioo vyote, tukashika njia ya hospitali.

Hatukufika mbali, waipa zikasimama. Nalishuka, nikafuta kioo kwa kitambaa, nikarudi, sikuona kitu. Nalifuta tena, hali ile ile. Ndipo yule mkunga aliponiambia, "Mwalimu, wafuta nje, na ukungu uko ndani." Ilikuwa kweli. Pumzi zetu, zenye joto na unyevu, zilikutana na kioo cha baridi zikageuka maji. Gurudumu moja lilikuwa limekwisha kufika ukingoni mwa mtaro. Twalikwenda hatua kwa hatua, baba akifuta ndani, nami nimetoa kichwa dirishani mvuani. Mtoto alizaliwa salama, punde tu baada ya kufika. Nalimshukuru Mungu, lakini sikuwa na la kujisifia.

Asubuhi yake nalimpelekea fundi gari, nikaketi kama mwanafunzi. Alinionyesha kwamba mota moja huendesha waipa zote mbili kwa waya mnene wenye meno, upitao ndani ya bomba. Waya huo husukumwa na kuvutwa, na vigurudumu viwili vyenye meno huzigeuza zile fimbo. Grisi ya kale ilikuwa imekauka kama gundi. Aliutoa waya, akauosha kwa mafuta ya taa, akaupaka grisi mpya. Tena alinionyesha ajabu: vile vigurudumu havizunguki duara zima, bali huenda na kurudi, kwa hiyo meno yake huliwa upande mmoja tu. Akavigeuza, na meno yaliyopumzika miaka mingi yakaanza kazi.

Kisha akaishika hita. Maji ya moto ya injini hupita katika rejeta ndogo, na feni hupuliza hewa katikati yake. Kishikio kimoja hufungua vali ya maji. Cha pili huielekeza hewa kiooni au miguuni. Nyaya zake zilikuwa zimeshikwa na kutu. Alitia mafuta tone kwa tone hata zikaachia. Aliifunga vali, akakipeleka kishikio mwisho wa kufunga, ndipo akaikaza skrubu ya kubana waya, ili viwili hivyo vipatane.

Mwaka 1903 mama mmoja wa Marekani, Mary Anderson, alipewa hati ya uvumbuzi wa kifutio cha kioo, kilichoendeshwa kwa mkono wa dereva. Huyo alifuta mvua ya nje. Ukungu wa ndani wahitaji dawa nyingine, nayo ndiyo ile hita niliyoicheka.

Nchi yetu ya Buhaya ilijua kuyeyusha chuma tangu karne nyingi zilizopita. Haifai mwalimu kudharau neno la fundi. Nami sasa, kila ninapoona giza mbele yangu, nyumbani au shuleni, hujiuliza kwanza: ni mvua au ni ukungu? Maana mvua hutoka mbinguni, bali ukungu ni pumzi yangu mwenyewe.